Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mitaala: Rasimu Hii Irudi Mezani

Kwa: Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Mitaala ya Shahada za Juu.

YAH: RASIMU YA SHAHADA YA UMAHIRI KATIKA TAALUMA MTAMBUKA ZA VYOMBO VYA HABARI

Ndugu Mwenyekiti, maprofesa wangu, wahadhiri wenzangu,

Nawaandikia kwa heshima, lakini sikuja kubembeleza. Rasimu mliyoisambaza nimeisoma tangu jalada hadi viambatisho. Ikipita ilivyo, tutakuwa na shahada yenye jina jipya na mwili wa zamani.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya ndani nimeshaipita. Niliitwa kwenye kikao cha wadau, kama ilivyo desturi kabla mtaala haujapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Tukaoneshwa slaidi, tukapewa fomu ya maoni, chai, na karatasi ya mahudhurio. Toleo lililofuata lilikuwa limerekebishwa alama za uandishi tu, na majina yetu yamepangwa kwenye kiambatisho kuthibitisha kwamba tulishirikishwa. Jina la chuo naliacha. Waliomo ndani wanakijua, na walio vyuo vingine wakifungua makabati yao watakuta rasimu isiyotofautiana sana na hii.

Nilikuwa mtayarishaji wa vipindi redioni kabla ya kuanza kufundisha kwa mkataba wa muda. Nayasema haya nikiwa na mguu mmoja studio na mwingine darasani, na sina kiti kwenye Seneti cha kuhofia kukipoteza.

1. Mmeanza na idara, hamkuanza na kitu kinachochunguzwa.

Idara ya Mawasiliano imetoa kozi zake, Kiswahili kimetoa zake, Sosholojia zake, na watu wa TEHAMA nao wakaombwa wachangie chochote. Kozi zote hizo zilikuwepo. Hakuna hata moja iliyoandikwa upya, na hakuna inayofundishwa na watu wawili kwa pamoja. Mwanafunzi anageuzwa daladala: anapita vituo vinne, kila kituo anapakia abiria wasiojuana, na mwisho wa safari anaambiwa aandike tasnifu moja itakayowaunganisha. Kazi ambayo maprofesa wa idara nne hawakuifanya kwenye rasimu, anaachiwa kijana wa mwaka wa pili aifanye peke yake.

Chukueni mfano wa kibanda umiza. Nani kati yetu aliyekulia Temeke, Mbagala au Mwananyamala asiyekijua? Mabenchi, televisheni moja, spika mbili, na filamu ya Hong Kong, ya India au ya Marekani inayosimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye mara anafasiri, mara anafafanua, mara anaongeza ya kwake kabisa. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alijijengea jina kubwa kwa kazi hiyo. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wasimulizi hao wanawaita maviijei, na mtu anaweza kuchagua filamu kwa kufuata msimulizi, si mwigizaji.

Sasa mwanafunzi akitaka kuandika tasnifu kuhusu kibanda umiza, aende idara gani? Watu wa Kiswahili watampa nadharia za tafsiri na fasihi simulizi, na atazihitaji, kwa sababu msimulizi yule ana mengi ya fanani. Lakini filamu ile imenakiliwa bila ruhusa ya mwenyewe, kwa hiyo lazima aisome Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ajue kwa nini mwaka 2013 serikali ilianza kutaka kazi za muziki na filamu zibandikwe stempu za kodi. Hapo yuko sheria na uchumi. Akiuliza ni nani anayekaa kwenye benchi lile, saa ngapi, na kwa nini wengi ni wanaume, yuko sosholojia. Akirudi nyuma kutafuta watazamaji wa sinema za Dar es Salaam na Zanzibar waliojifunza kuipenda filamu ya Kihindi miongo mingi kabla ya mkanda wa video, yuko historia. Asipojua namna ya kusikiliza sauti iliyopachikwa juu ya sauti nyingine, hatakuwa ameisikia filamu yenyewe.

Kitu ni kimoja, na kinadai taaluma nne au tano kwa wakati mmoja. Programu ya namna hii hujengwa kuanzia hapo: mnachagua vitu na maswali, kisha mnauliza ni walimu gani wanahitajika kuvifikia. Nyinyi mmeuliza ni walimu gani wana vipindi pungufu.

2. Angalieni vitabu vinavyosomwa kuhusu vyombo vyetu, na walikotoka waliovitunga.

Kitabu cha historia ya magazeti na redio za Tanzania ambacho wengi tunakikimbilia ni cha Martin Sturmer, kilichochapishwa na Ndanda Mission Press mwaka 1998. Kuhusu taarab, ngoma na siasa za utamaduni tunamsoma Kelly Askew, kitabu cha 2002, ni mwanaanthropolojia. Kuhusu redio, studio na biashara ya Bongo Fleva tunamsoma Alex Perullo, 2011. Ametokea kwenye taaluma ya muziki wa jamii. Aliyechimba matangazo ya Kiswahili ya Redio Cairo, yaliyowaumiza vichwa Waingereza hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1950, ni James Brennan, mwanahistoria. Wasimulizi wa filamu wa Tanzania, kama Lufufu, waliandikiwa makala na Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani.

Silalamikii uzungu wao. Wamefanya kazi nzuri, na baadhi yao Kiswahili chao kingewaaibisha watangazaji kadhaa ninaowafahamu. Ninachowaomba mkitazame ni kwamba hawa wanne wa mwisho hawakutoka shule za uandishi wa habari. Walitoka kwenye muziki, historia na anthropolojia, wakavuka mipaka ya taaluma zao kwa sababu vyuo vyao viliwaruhusu kuvuka. Shule zetu za habari zimetumia nguvu zake kufundisha namna ya kutangaza. Hiyo ni kazi halali, na ndiyo Tanzania School of Journalism ilianzishiwa mwaka 1975, kabla ya kuingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Lakini kumfundisha mtu kutangaza ni jambo moja, na kuchunguza utangazaji unaifanyia nini jamii ni jingine. Rasimu yenu inayachanganya kila ukurasa.

Wala msiniambie kwamba kuvuka mipaka ya taaluma ni jambo la kigeni. Wanatamthilia na wahadhiri Penina Mlama na Amandina Lihamba walikwenda Malya, huko Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaunganisha sanaa za maonyesho, utafiti wa kijamii na mijadala ya wanakijiji, na kitabu cha Mlama cha mwaka 1991 kikatokana na kazi za aina hiyo. Makerere nao, katika taasisi yao ya utafiti wa jamii (MISR) chini ya Mahmood Mamdani, walianzisha mwaka 2012 shahada ya uzamivu inayovuka taaluma, ya miaka mitano, yenye masomo ya darasani kabla ya utafiti, wakipinga waziwazi tabia ya kugeuza utafiti wa chuo kuwa kazi za ushauri zinazolipiwa na wafadhili. Mtu anaweza kubishana na Mamdani kwa mengi, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba hakujua anajenga nini.

3. Usimamizi. Hapa ndipo shahada hii itakapofia.

Rasimu ina kurasa nyingi za maelezo ya kozi, ila usimamizi wa tasnifu umepewa aya moja: “mwanafunzi atapangiwa msimamizi kutoka idara husika.” Idara ipi ndiyo husika, ikiwa mmesema wenyewe kwamba programu ni ya idara nne?

Nimeyaona matokeo yake. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichunguza mchezo wa kuigiza wa redio alipewa msimamizi wa mawasiliano, akaambiwa aandae dodoso na ahesabu wasikilizaji. Akaandaa. Siku ya kuwasilisha pendekezo, mjumbe kutoka upande wa fasihi akauliza uko wapi uchambuzi wa matini. Akarudi, akaandika upya. Kwenye jopo lililofuata akaulizwa sampuli yake imepatikanaje. Akapigwa danadana hivyo hivyo mpaka ada ya muhula wa ziada ikamshinda, akarudi kazini kwake bila shahada. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika mnyororo ule. Kila mjumbe aliuliza swali sahihi la idara yake. Kilichokosekana ni mahali ambapo mtu wa mawasiliano na mtu wa fasihi wangelazimika kukaa pamoja, wakakubaliana kabla mwanafunzi hajaenda uwandani.

Na tusizungukane kuhusu sababu. Mhadhiri anayesimamia pamoja na mwenzake wa idara nyingine hapati saa kamili katika mzigo wake wa kazi. Idara ya pili haihesabiwi mwanafunzi huyo, hivyo haipati fungu lake. Akija mtahini wa nje, anateuliwa na idara moja na anatahini kwa vigezo vya idara hiyo. Mhadhiri mwenye akili timamu, anayesubiri kupanda cheo, atajitoleaje? Mnaweza kuandika neno mtambuka katika kila ukurasa wa mtaala. Utaratibu wa fedha na vyeo unasema kila mtu abaki kwake.

Kufanya kazi pamoja kunawezekana. Birmingham, Uingereza, Richard Hoggart alianzisha mwaka 1964 kituo cha utafiti wa utamaduni wa kisasa, ambacho baadaye kiliongozwa na Stuart Hall. Vyuo vingi duniani vimenakili orodha za vitabu vyake, lakini ni vichache vilivyonakili namna kilivyofanya kazi: wanafunzi na walimu walikaa katika vikundi vidogo vya utafiti, wakaandika pamoja na kuchapisha pamoja. Kitabu cha 1978 kuhusu hofu ya uporaji mitaani, magazeti na polisi kina majina matano kwenye jalada, Hall na watu waliokuwa wakisoma kituoni hapo. Mwaka 2002 chuo kiliifunga idara iliyokirithi kituo kile, pamoja na sifa zake zote. Ndiyo maana nasisitiza saa, fungu na nafasi za ajira. Umaarufu haukukilinda kituo mashuhuri kuliko vyote katika uwanja huu, sembuse chetu ambacho hakijazaliwa.

4. Hesabu ya muda haijakaa sawa.

Kwa mfumo wa TCU shahada ya umahiri inahitaji krediti 180, na krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, maana yake saa 1,800. Nyinyi mmezijaza kozi mwaka mzima wa kwanza, kisha mkaisukuma tasnifu pembeni kana kwamba ni kazi ya likizo. Mpango ninaoupendekeza ni huu:

Krediti 60 ziwe za kozi za pamoja, zinazochukuliwa na kila mwanafunzi na kufundishwa na walimu wawili wa taaluma tofauti wakiwa darasani kwa wakati mmoja. Ziwe historia ya vyombo vya habari Afrika Mashariki. Sheria na uchumi wa vyombo hivyo. Usomaji wa sauti, picha na matini. Na mbinu za utafiti. Krediti 40 ziwe za hiari, kutoka idara yoyote ya chuo, hata Jiografia au Sayansi ya Kompyuta, alimradi wasimamizi wawili wamekubali. Krediti 20 ziwe za semina ya utafiti inayoanza muhula wa kwanza na kuendelea mpaka mwisho, ambamo wanafunzi na wahadhiri wanasomeana rasimu. Krediti 60 zilizobaki ni za tasnifu.

Semina hiyo ndiyo roho ya mpango wote. Mkilazimika kukata kitu, kateni kozi za hiari.

5. Tasnifu iruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili.

Idara za Kiswahili zinaruhusu jambo hili hadi uzamivu, na mbingu haijaanguka. Mwanafunzi anachunguza kipindi cha Kiswahili, anawahoji wasikilizaji kwa Kiswahili, kisha analazimishwa kuvihamishia Kiingereza vichekesho, mafumbo na mipasho ili mtahini anayejua Kiswahili aisome kazi kwa Kiingereza. Mipasho, jamani! Nani anaandika sura nzima kuhusu mipasho kwa Kiingereza ikabaki na makali? Anayetaka Kiingereza aandike Kiingereza. Na kwa redio jamii, kama ile ya Orkonerei kule Terrat, Simanjiro, inayotangaza Kimaasai pia, mwanafunzi anayeijua lugha hiyo apewe uzito wakati wa udahili. Hilo nalo ni ujuzi wa utafiti.

6. Hamna makubaliano na wenye nyaraka.

Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam ziko Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Magazeti ya zamani yako Nyaraka za Taifa na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar wana nyaraka zao, na wana historia ya televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri televisheni hadi 1994. Rasimu haitaji hata moja kati ya hizi. Mwanafunzi atabeba barua ya utambulisho, atakaa kwenye benchi la mapokezi, ataambiwa arudi wiki ijayo. Makubaliano ya chuo kwa taasisi yanamaliza usumbufu huo kabla haujaanza. Bila hayo, wote wataishia kuandika kuhusu Instagram, kwa kuwa ndiyo nyaraka pekee isiyohitaji kibali cha mlinzi getini.

Na hata Instagram na makundi ya WhatsApp yana masharti. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 na kufumuliwa 2020. Mwanafunzi anayenakili mazungumzo ya watu kwenye kundi la mtaa na kuyabandika kwenye kiambatisho anaweza kuwaingiza matatani watu hao, yeye mwenyewe na chuo. Neno “maadili ya utafiti” limetajwa katika rasimu bila saa hata moja ya kulifundisha.

7. Kazi za vitendo.

Makala ya redio ya saa nzima, filamu ya kumbukumbu au maonyesho ya picha yahesabike kama nusu ya tasnifu, yakiambatana na andiko la uchambuzi. Vigezo vya kutahini viandikwe sasa, visisubiri kubuniwa siku ya utetezi.

Maombi yangu, basi, ni haya. Rasimu iondolewe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Seneti, irudishwe kwa kikundi kidogo cha watu wa idara zote nne ambao kweli wanafundisha, si wakuu wa idara pekee. Kikundi hicho kiandike upya kozi za pamoja kuanzia kwenye vitu vinavyochunguzwa. Uamuzi wa saa za usimamizi wa pamoja, mgawanyo wa fungu na uteuzi wa watahini wawili utolewe kwa maandishi na Naibu Makamu Mkuu wa Taaluma kabla mwanafunzi wa kwanza hajadahiliwa. Makubaliano na angalau taasisi mbili zenye nyaraka yasainiwe. Lugha ya tasnifu iwekwe wazi kwenye mtaala. Vipindi viwe vya jioni, kwa kuwa watakaoomba ni watu wa vyumba vya habari. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake, waandishi wengi wamerudi shule kutafuta diploma na digrii ili waruhusiwe kufanya kazi. Hawa hawahitaji kufundishwa tena namna ya kuandika habari. Wanataka kuielewa kazi ambayo wameifanya kwa miaka.

Hao ndio watakaoumia mkikosea. Mwandishi wa mkoani anayekopa SACCOS kulipa ada, akasafiri kila muhula, hana muda wa kusubiri idara mbili zipatane. Chuo kikikosea kitafanya mapitio ya mtaala baada ya miaka mitano, kitaita tena wadau, kitatoa tena chai. Yeye mkopo wake utaendelea kukatwa.

Nitakuja kwenye kikao chochote mtakachoniita, bila posho, kufafanua kipengele chochote nilichoandika hapa. Lakini kama kamati haiko tayari kuwapa wahadhiri wawili saa za kumsimamia mwanafunzi mmoja, isipoteze wino. Shahada ya Umahiri katika Mawasiliano ya Umma tayari mnayo. Iboresheni hiyo, na hili jina jipya liacheni kwa chuo kitakachokubali gharama yake.

Wenu katika taaluma,
Mdau aliyesaini karatasi ya mahudhurio.